Mayai Mawili kwa Mwaka: Hesabu ya Bakuli la Mtoto, Handeni na Korogwe

Shilingi 1,000. Hicho ndicho kiasi ambacho kila halmashauri imeagizwa kutenga kwa mwaka, kutoka mapato yake ya ndani, kwa ajili ya lishe ya kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Agizo hilo linakwenda pamoja na mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walitia saini Desemba 2017, wakausaini upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2022. Gawanya kwa siku 365 na utapata shilingi mbili na senti 74 kwa siku. Yai la kuku wa kienyeji likiwa shilingi 500, fedha ya mtoto mmoja inanunua mayai mawili, na mwaka umekwisha.

Fedha hiyo haikukusudiwa kununua mayai. Ni ya usimamizi, vipimo, mafunzo ya mapishi vijijini na kampeni za matone ya vitamini A. Agizo lenyewe ni jema, maana kabla yake halmashauri nyingi hazikuwa na hata fungu la bajeti lenye neno lishe. Nimeanza na fedha hiyo kwa sababu inaonesha mapema nani hasa anabeba gharama ya kumfundisha mtoto kula vizuri: anayebeba ni jiko la nyumbani. Kwa hiyo hesabu inayostahili kupigwa kwa makini ni ya jikoni.

Kwanza ukubwa wa jambo. Handeni na Korogwe zina halmashauri nne, ya wilaya na ya mji kila upande. Sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 666,048. Kati ya sensa hiyo na ile ya 2022, Mkoa wa Tanga uliongezeka kutoka watu 2,045,205 hadi 2,615,597, yaani asilimia 28. Tukizikuza halmashauri hizi nne kwa kasi hiyohiyo tunafika watu 850,000 hivi. Kwa makadirio yangu, watoto walio chini ya miaka mitano ni kama 130,000, na wale wa miezi 6 hadi 23, ambao ndio ninaowaandikia hapa, ni kama 40,000. Shilingi 1,000 mara watoto 130,000 ni milioni 130 kwa mwaka.

Nimechagua miezi 6 hadi 23 kwa sababu hapo ndipo maziwa ya mama yanapoacha kutosha peke yake, na hapo ndipo ulimi wa mtoto unapojifunza kipi ni chakula na kipi si chakula. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa umri huo, 9 tu walikuwa wanapata mlo unaofikia kiwango cha chini kinachokubalika, kwa aina za vyakula na kwa idadi ya milo. Watoto 34 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na 58 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu. Kufikia 2022 udumavu ulishuka hadi 30. Lakini ndani ya wastani huo Iringa ilikuwa na 57, Njombe 50, Rukwa 50. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Ghala lililojaa halimkuzi mtoto kwa kuwa limejaa tu, na huo ndio mwanzo wa kuielewa Korogwe, ambako bonde la Mombo linatoa mpunga na milima ya Bungu na Dindira inatoa chai na mboga, na bado bakuli la mtoto linaweza kuwa na kitu kimoja tu ndani yake.

Tuingie kwenye bakuli lenyewe.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeendelea kunyonya anahitaji kama kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Akiwa na miezi 6 hadi 8 anahitaji 200, na miezi 9 hadi 11 anahitaji 300. Hizi ni tarakimu za Shirika la Afya Duniani, na ni ndogo. Mtu mzima anayelima Sindeni au Kwamsisi hula mara nne au tano ya hizo. Ugumu uko mahali pengine: tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 9 anabeba mililita 270, yaani kikombe kimoja na kidogo juu yake. Ukimzidishia atakataa, au atatapika.

Sasa chukua uji ambao nyumba nyingi humpa mtoto, ule mwembamba unaonyweka kikombeni. Kikombe cha robo lita kina unga wa vijiko viwili vya chakula, gramu 20 hivi. Hizo ni kilokalori 72. Ili afikishe 550 kwa uji huo peke yake, mtoto atalazimika kunywa vikombe karibu vinane, takriban lita mbili. Hakuna mtoto wa kilo 9 anayeweza. Atakunywa vitatu, atashiba, atalala, na mama ataamini kwamba mtoto amekula. Kwa kweli amepata kilokalori 216. Vijiko viwili vya chai vya sukari huongeza kama 35 kwa kikombe, na haviongezi kitu kingine chochote cha kumjenga.

Chukua kikombe kilekile. Weka unga wa dona gramu 30 na karanga zilizosagwa laini gramu 15, kijiko kimoja cha chakula. Uji unakuwa mzito, unaliwa kwa kijiko badala ya kunywewa. Kilokalori ni 193. Vikombe vitatu tu na siku imekamilika kwa upande wa nguvu, tena na protini ndani. Vinane dhidi ya vitatu: katika hesabu zote nilizopiga kwa ajili ya andiko hili, hii ndiyo ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila kliniki ya watoto. (Karanga zisagwe. Karanga nzima humpalia mtoto mdogo, na anaweza kufa.)

Nadhani najua kwa nini uji mwembamba una nguvu kubwa katika mazoea ya Uzigua, nchi ya Wazigua hapa Handeni. Hii ni nchi yenye kumbukumbu ndefu ya njaa. Ukame wa miaka ya 1830 uliwasukuma Wazigua hadi pwani, na wengi wakaishia utumwani katika bonde la Mto Juba, Somalia. Wajukuu wa wajukuu wao walirudi wakiwa wakimbizi na kupewa makazi Chogo, Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengine bado wakizungumza Kizigua. Mahali penye historia kama hiyo, swali la kwanza kuhusu mtoto ni kama ameshiba. Ni swali la haki kabisa. Ila tumbo la mtoto hushiba haraka kuliko mwili wake, na hapo uji mwembamba humdanganya mama mwenye nia njema kuliko wote.

Kuna dawa ya kienyeji ya tatizo hili ambayo watafiti wa Tanzania waliishughulikia sana miaka ya 1980, wakati Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa bado changa. Ni kimea. Mtama au ulezi ukiloweshwa, ukachipuzwa, ukaanikwa na kusagwa, kijiko kimoja cha unga wake hulainisha uji mzito ndani ya dakika chache bila kuongeza maji. Unga unabaki uleule, uji unakuwa laini, mtoto anaumeza. Kila anayepika togwa anaijua kazi ya kimea, ingawa huenda hajawahi kuifikiria kwa mtoto wa miezi minane. Kimea hakikuenea kwenye bakuli la mtoto kwa sababu kukitayarisha kunataka siku kadhaa za uangalizi. Nitarudi kwenye suala la muda, kwa kuwa ndilo gharama kubwa kuliko zote.

Unga wa lishe unaouzwa kwenye vifuko nao unahitaji neno. Mazoea ya mjini, Korogwe kama Dar es Salaam, ni kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga na hata mbegu za maboga, kwa imani kwamba aina nyingi ni lishe nyingi. Nafaka tano hazimpi mtoto aina tano za virutubisho, kwa kuwa zote ni za kundi moja. Nafaka moja na jamii ya kunde moja au karanga zinatosha kwa uji; aina nyingine zije kwenye mlo wa mchana. Tena kila kiambato kilichokaa ghalani ni mlango mmoja zaidi wa sumukuvu. Mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha watu 68 kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Manyara si mbali: Kilindi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Handeni, inapakana na Kiteto. Mahindi na karanga za mtoto zichambuliwe kwa mkono, punje moja moja, na zilizokunjamana au kubadilika rangi zitupwe. Kwa gramu 45 za kikombe kimoja, kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Sasa bei. Natumia bei za mfano za kiwango cha kawaida sokoni. Anayenunua Manundu, Mkata au Kabuku aweke bei ya siku hiyo, mpangilio wa hesabu utabaki. Dona shilingi 1,400 kwa kilo, karanga 5,000, maharage 3,000, dagaa wakavu 10,000, mafuta ya kula 5,500 kwa lita, fungu la mchicha 300, chungwa 100.

Siku ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji mzito wa karanga niliokwisha kuueleza. Mchana ugali laini wa unga gramu 30, maharage yaliyopondwa, gramu 20 yakiwa makavu, mchicha robo fungu, na mafuta mililita 3, nusu kijiko cha chai na zaidi kidogo. Palepale baada ya mlo huo, chungwa. Jioni ugali wa gramu 20 na dagaa waliotolewa vichwa na kutwangwa, gramu 8. Jumla ni karibu kilokalori 545. Gharama: dona yote 112, karanga 75, maharage 60, mchicha 75, mafuta 17, dagaa 80, chungwa 100. Zijumlishe: shilingi 519. Ukiondoa dagaa na kuweka yai zima la shilingi 500, inapanda hadi 939. Kwa familia inayolima mahindi na maharage yake, karibu theluthi ya ile 519 haitoki mfukoni kabisa.

Chungwa halikuwekwa pale kwa utamu tu. Chuma kilichomo kwenye maharage na mchicha hufyonzwa kwa shida, na vitamini C inayoliwa pamoja nacho hukisaidia sana. Handeni, Korogwe na jirani zao Muheza ni nchi ya machungwa; msimu ukikolea yanauzwa kwa ndoo kando ya barabara ya Segera. Ni bahati ambayo mikoa mingi haina. Lakini kinyume chake ni chai ya rangi, ambayo hunywewa na chakula na mara nyingi mtoto humiminiwa kwenye kisosi: chai huzuia chuma kisifyonzwe. Mtoto anayekula maharage na kuyateremshia chai amelipiwa shilingi 60 za maharage na kupoteza sehemu nzuri ya alichonunuliwa. Kwenye eneo lenye malaria jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa vimelea huharibu chembe za damu kila homa inapopita. Korogwe inaijua malaria kwa undani: ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000, kuanzia mwaka 2009.

Na vitafunwa? Pakiti ya biskuti 200, pipi mbili 100, juisi ya pakiti 500. Hizo ni shilingi 800, na ndizo zinazonunuliwa mtoto akilia dukani au baba akirudi jioni na zawadi mfukoni. Ni zaidi ya gharama ya siku nzima ya chakula chake. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya mwili. Kwa mtoto anayehitaji jumla ya kilokalori 900, maziwa ya mama yakiwemo, hizo ni gramu 22 kwa siku. Chupa moja, anywe mpaka mwisho, na amepita kipimo kwa zaidi ya nusu. Tena ameshiba, na dagaa wa jioni hawataki. Simlaumu baba. Zawadi ni lugha ya mapenzi, na mtoto anaielewa. Ndizi mbivu iliyotoka mfukoni mwa baba huyohuyo itaeleweka vilevile, hasa kama ndiyo iliyoanza kabla ya biskuti.

Nimelitaja yai mara kadhaa na linastahili hesabu yake, kwa sababu limekuwa nembo ya kampeni nyingi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kutoka nyanda za juu za Ecuador: watoto 163 waliokuwa na miezi 6 hadi 9 mwanzoni, nusu wakapewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Udumavu kwa waliokula mayai ulipungua kwa asilimia 47. Habari ilizunguka dunia. Kisha ukaja utafiti wa Mangochi, Malawi, uliochapishwa 2019, wenye watoto 660. Yai moja kila siku, miezi sita vilevile. Urefu wa watoto haukubadilika. Tofauti inayotajwa sana ni kwamba watoto wa Mangochi, wakazi wa kando ya ziwa, tayari walikuwa wanakula samaki. Somo langu kwa Korogwe ni hili: yai humsaidia sana mtoto asiyepata kitoweo cha mnyama kabisa, na aliyekwisha kuzoea dagaa huongezewa kidogo tu. Mama anayeweza kumudu dagaa wa shilingi 80 asijione amemnyima mtoto kwa kukosa yai la 500.

Bado, tuseme watoto wetu 40,000 wapate yai moja kila siku. Ni trei 1,333 kwa siku, mayai milioni 14.6 kwa mwaka. Kuku wa kienyeji hutaga mitago mitatu au minne kwa mwaka. Tuchukue mayai 50. Wanahitajika kuku majike 292,000 ambao mayai yao yote yaliwe na lisianguliwe hata moja. Kwa wastani wa kitaifa wa watu 4.3 kwa kaya, halmashauri hizi nne zina kaya kama 198,000. Ni kuku mmoja na nusu kwa kila kaya, ikiwemo kaya isiyofuga. Kwa maandishi inawezekana. Uani haiwezekani, kwa kuwa mfugaji wa Kwamatuku anahitaji mayai ya kuatamiwa ili apate jogoo wa kuuza ada ya shule ikifika, na kwa kuwa mdondo hupita na kufagia banda zima kwa wiki moja. Hapa ndipo ninapoona fedha ya umma ingeweza kufanya kazi ambayo jiko la nyumbani haliwezi. Chanjo ya mdondo ya I-2 hutengenezwa nchini, hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na hutolewa kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Afisa mifugo anayezunguka na kichupa chake ni afisa lishe pia, hata kama cheo chake hakisemi hivyo.

Maziwa ni hadithi inayofanana. Handeni ni nchi ya ng'ombe, na tangu Juni 2022 imepokea Msomera familia za wafugaji kutoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Mradi wa Maziwa Zaidi ulioanza 2012 uliichagua Handeni, pamoja na Lushoto, Kilosa na Mvomero, kwa ajili ya kuinua wafugaji wadogo. Soko likikua, kila lita ina mnunuzi, na kishawishi ni kuuza yote. Kikombe cha mililita 200 kwa bei ya shilingi 1,500 kwa lita ni shilingi 300. Hicho ndicho ambacho nyumba inapoteza ikimwachia mtoto kikombe chake kabla ya dumu kufungwa kwenye bodaboda. Ni kilokalori 130 na protini gramu 6 na zaidi, kwa bei ya chini kuliko yai. Yachemshwe kwanza.

Turudi kwenye milioni 130. Gharama ya chakula cha watoto 40,000 kwa shilingi 519 ni karibu milioni 20.8 kwa siku, bilioni 7.6 kwa mwaka. Fedha yote ya lishe ya halmashauri nne, hata ikikusanywa kamili na kutumika kwa watoto hao peke yao, ingewalisha siku sita na robo. Asilimia 1.7 ya mwaka. Kwa hiyo kuigawa kama chakula ni kuipoteza. Ilipotumika vizuri fedha ya aina hii nchini ilikuwa Iringa, katika programu ya pamoja ya lishe iliyoanza kwenye vijiji 168 mwaka 1984. Kiini chake kilikuwa kupima. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani kijijini, matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji, na kijiji kikaamua kitu cha kufanya kwa uwezo wake. Kufikia 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka 56 hadi 38 kwa kila 100, na walio katika hali mbaya kabisa kutoka 6 hadi 2. Leo mkoa huohuo unaongoza kwa udumavu. Vipimo ni tofauti, uzito na urefu, lakini kwa macho yangu fundisho liko wazi: faida ya kupima haiwekwi akiba. Kizazi kinachofuata kinahitaji kupimwa chenyewe. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayotakiwa kufanyika kila robo mwaka, ndiyo mrithi wa kazi ile. Utepe wa kupima mkono unahitaji nusu dakika: chini ya sentimita 11.5 ni hatari, kati ya 11.5 na 12.5 ni onyo. Matone ya vitamini A ni Juni na Desemba, bure.

Na sasa muda.

Mtoto mdogo anatakiwa kula milo mitatu au minne na kitafunwa kimoja au viwili. Tuchukue vikao vinne vya dakika 25, kwa maana mtoto wa umri huu halishwi kwa haraka: anashika kijiko, anamwaga, anageuza uso, anarudi. Ni dakika 100 kwa siku, saa 50 kwa mwezi, bila kuhesabu kupika, kuni wala maji. Kibarua cha palizi kikilipa shilingi 5,000 kwa saa sita, dakika 100 ni shilingi 1,389. Muda wa kumlisha mtoto una thamani ya karibu mara tatu ya chakula chenyewe. Hakuna bajeti inayouandika, na hakuna mtu anayeulipa. Ndiyo maana naona si haki tunapowaambia akina mama kwamba chakula bora ni rahisi na kipo shambani, kana kwamba wao ndio hawajui. Kipo. Anayekosekana ni mtu wa kukaa mbele ya mtoto kwa dakika 100 wakati wa masika, magugu yakiwa yanakimbizana na mahindi.

Sheria inalijua tatizo hili nusu nusu. Mwajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84, wiki 12, ilhali mtoto anatakiwa kunyonya bila kitu kingine kwa wiki 26. Likizo ikiisha, sheria inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanamke anayefanya kazi kwenye mkonge wa Ngombezi au kwenye mashamba ya chai ya milimani anajua saa mbili zina maana gani kama nyumba iko mwendo wa saa moja. Na baada ya miezi sita, uji unapoanza, mama bado yuko kazini. Mlishaji ni bibi, au dada wa miaka minane.

Kwa hiyo kila kinachopunguza dakika ni lishe. Bomba la maji ni lishe. Handeni na Korogwe zimo kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaotokana na mkopo wa India wa dola milioni 500, na kila ndoo isiyofuatwa mbali ni kikao kimoja cha mtoto. Chupa ya chai ni lishe: uji mzito uliopikwa alfajiri na kutiwa humo bado una moto saa nne, na bibi anahitaji kumimina tu. Unga wa karanga na dagaa wa kutwanga ulioandaliwa mara moja kwa wiki, ukawekwa kwenye kopo lenye kifuniko, ni lishe. Na kumwelekeza bibi ni muhimu kuliko kumwelekeza mama mara ya tatu, kwa kuwa kijiko kiko mkononi mwa bibi.

Kuna kifaa kimoja zaidi, cha bei ndogo: bakuli la mtoto peke yake. Kula pamoja kwenye sinia ni adabu na furaha, na sitaki ife. Lakini mtoto wa miezi 14 kwenye sinia moja na kaka zake wawili anashindana na mikono inayojua njia. Anapata ugali wa pembeni, mboga kidogo, na kitoweo kikifika kwake ni mchuzi. Tena hakuna anayeweza kusema alikula kiasi gani. Akiwa na bakuli lake la robo lita, hapohapo kandoni mwa sinia, mama anaona kwa macho: limekwisha, limebaki nusu, halikuguswa.

Na halitaguswa, siku nyingine. Kuanzia mwaka mmoja na nusu watoto wengi huanza kukataa chakula kipya, hata kile walichokuwa wakikila. Watu wazima hufanya moja kati ya mawili: kumshika mdomo na kumlisha kwa nguvu, au kusema huyu mchicha haupendi na kuacha. Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980, alionesha kwamba mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nyingi, 8 hadi 15, kabla hajakizoea, na kwamba kumlazimisha humrudisha nyuma. Wengi wetu huacha kwenye mara ya tatu.

Nikaipigia hesabu na hiyo. Kijiko kimoja cha mchicha ni gramu 10. Fungu la shilingi 300 likitoa gramu 300, kijiko ni shilingi 10. Mara kumi, siku kumi: shilingi 100, bei ya pipi mbili. Kijiko kiwekwe pembeni ya ugali, mama au bibi ale wa kwake mbele yake, bakuli liondolewe bila ugomvi. Siku ya kwanza atautema. Siku ya nne ataushika kwa vidole. Siku ya saba huenda ukaingia mdomoni na kutoka tena. Katika siku hizo zote, mchicha unaotemwa ni wa shilingi 60 au 70.